Nyumba Hujengwa Kwanza kwa Karatasi

Ndugu msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wale waliokwisha kununua kijiploti chao huko viungani, hamsini kwa mia, na kila mwisho wa mwezi unapomlipa mwenye nyumba kodi yake moyo hukuuliza, "Lini nami nitaamka kwangu?" Au labda u mwanafunzi, na mazungumzo hayo unayasikia kutoka sebuleni usiku wazazi wanapodhani mmelala. Leo hebu tuzungumze kuhusu jambo ambalo wengi hulipuuza hadi siku wanapoikuta alama nyekundu ya X imechorwa ukutani mwao. Nazungumzia maombi ya kibali cha ujenzi.

Tunapotaja kujenga, aghalabu tunawaza mawe, mchanga, kokoto, saruji na mabati. Kibali hukumbukwa mwishoni, tena kwa kuguna, kana kwamba ni ushuru mwingine tu wa kumsumbua mlipa kodi. Mimi na mume wangu tulishughulikia maombi yetu mwaka wa 2022, na tangu siku hizo siwezi kuiona faili ile kwa jicho hilo. Ukuta uliokosewa kwenye karatasi hufutwa kwa raba. Uliokosewa kwa mawe hubomolewa kwa nyundo, na pesa zake hazirudi.

Kwanza nikueleze hali yetu. Ploti tuliinunua mwaka wa 2017 kwa mkopo wa SACCO, mwendo wa saa moja kwa matatu kutoka katikati ya jiji. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alibaki peke yake kijijini, magoti yakimsumbua na kisima kikiwa mbali. Tukakubaliana kwamba nyumba ikimalizika atakuja kuishi nasi. Kwa hivyo haraka tulikuwa nayo, msomaji, tena haraka ya haki. Kodi ilikuwa ikitutafuna, karo ya watoto wawili ilikuwa palepale, na bei ya saruji ilikuwa ikipanda kila tulipouliza.

Katika hali kama hiyo dalali hakosi kujitokeza. Wetu alikuja amevaa nadhifu, ulimi mtamu kama asali.

"Madam, nyinyi nipeni nakala ya hati na pesa kidogo. Ramani ninazo. Wiki mbili, stempu iko."

"Ramani ya nani?" nikamuuliza.

"Ramani ni ramani, madam. Nyumba zote zina sebule, jikoni na vyumba vya kulala."

Usiku huo mimi na mume wangu hatukuelewana. Yeye alitaka tumpe dalali pesa zake tuanze kuchimba msingi. "Mama watoto," akaniambia, "kila mwezi wa makaratasi ni mwezi mmoja zaidi mama yangu akiwa peke yake kule. Utamweleza nini?" Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, kwa maana alisema kweli. Nilichomwambia ni kwamba nyumba ile ikija kuanguka, atakayekuwa ndani mchana kutwa ni huyo huyo mama.

Na nyumba huanguka, msomaji. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa kadhaa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, kando ya mto. Zaidi ya watu 40 waliaga dunia. Mtoto mchanga alitolewa kwenye vifusi akiwa hai baada ya zaidi ya siku 3, na nchi nzima ikalia kwa furaha na uchungu kwa pamoja. Wakazi wa jengo hilo walikuwa wapangaji kama sisi, watu waliolipa kodi yao na kulala. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa kama anataka kuiona michoro ya msingi.

Sheria nayo haina mzaha. Tangu mwaka wa 2019 tunayo Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Inasema kwamba anayeanza ujenzi bila idhini ya kaunti ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000 au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo hiyo inakulinda wewe mwombaji. Ukiwasilisha maombi yako sawasawa na zipite siku 60 bila kupata jibu kwa maandishi, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Ukikataliwa na uone umeonewa, unazo siku 14 za kukata rufaa kwa kamati maalumu ya kaunti inayosuluhisha migogoro ya mipango. Ni wangapi wanaolijua hilo? Dalali analijua, ila hakuambii, maanake mkate wake umo katika kutojua kwako.

Mume wangu alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Haya, tufuate njia ndefu. Lakini tuifuate mbio." Basi nami nikupitishe njia hiyo kama tulivyoipita.

Mwanzo wa yote ni ardhi. Hati miliki iliyo sandukuni haitoshi. Ni lazima uombe upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi, uone ni jina la nani limeandikwa kule, na kama kuna mkopo au zuio la mahakama juu ya ploti hiyo. Kwa ardhi ya Nairobi, upekuzi huo umekuwa ukifanywa kwa mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Usidhani ni kazi bure. Oktoba 2023 huko Athi River, familia nyingi zilisimama kando ya barabara zikitazama nyumba zao zikibomolewa, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni ya kampuni ya saruji. Zilikuwamo nyumba nzuri, za watu waliojinyima miaka na mikaka.

Baada ya upekuzi tukamwita mpimaji ardhi aliyesajiliwa. Ploti yetu ilipaswa kuwa na bikoni nne. Mbili zilionekana, mbili zilikuwa zimefukiwa, na mojawapo ilipofukuliwa ikabainika kwamba ua wa jirani ulikuwa umeingia kwetu kwa hatua moja hivi. Jirani ni mzee wa makamo, mpole, na ua aliukuta vivyo hivyo aliponunua. Tulikaa kwake tukanywa chai, mpimaji akamwonyesha ramani, naye akausogeza ua wake kabla ya mwezi kwisha. Je, lau jambo hilo lingegunduliwa ukuta ukiwa umefika kwenye linta? Chai ile ingegeuka kesi.

Tazama pia hati inasema ardhi ni ya matumizi gani. Mashamba mengi yanayozunguka jiji yalikuwa ya kahawa au malisho kabla ya kukatwa vipande. Iwapo yako bado ni ya kilimo, itakubidi kwanza uombe kubadilisha matumizi yawe ya makazi, na hiyo ni safari yake peke yake. Kisha lipa kodi ya ardhi ya kaunti na upewe cheti cha kuonyesha hudaiwi. Kama umiliki wako ni wa kukodishwa na serikali kwa miaka kadhaa, kuna malipo ya kila mwaka ya Serikali Kuu nayo, na cheti chake. Vyeti hivi, pamoja na nakala ya hati, matokeo ya upekuzi, ramani ya mpimaji, kitambulisho na PIN ya kodi, ndiyo nusu ya kwanza ya faili.

Nusu ya pili ni michoro, na hapa ndipo watu hutaka kubana matumizi. Michoro huandaliwa na msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi yao, na hesabu za msingi, nguzo na slabu hufanywa na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Usione haya kumwomba akuonyeshe cheti chake cha mwaka huo. Daktari mwenye cheti hakasiriki akiulizwa.

Ramani ya kunakili ina ubaya gani? Nitakupa mifano miwili. Ploti yetu iko kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mvua ikinyesha hufura na kunata viatuni, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo huo huinua nyumba na kuishusha mwaka baada ya mwaka hadi kuta zichanike. Mhandisi wetu aliagiza yachimbwe mashimo ya majaribio, akaona ugumu wa ardhi unaanzia kina gani, ndipo akachora msingi. Msingi wa rafiki yako aliyejenga kwenye mwamba kule Ngong utakufaa nini wewe?

Mfano wa pili ni jua. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Msanifu wetu aliilaza nyumba ili pande ndefu zenye madirisha makubwa zielekee kaskazini na kusini, akaziachia zile nyingine madirisha madogo. Ramani ya kunakili haijui mashariki yako iko wapi.

Rasimu ya kwanza ilipokuja, tuliitandaza mezani familia nzima. Binti yetu wa kidato cha pili ndiye aliyetufundisha kuisoma. Michoro ya vyumba ilikuwa kwa kipimo cha 1:100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Kulikuwa na mchoro wa ploti na mahali nyumba itakapokaa, mchoro wa kila ghorofa, sura ya nyumba kwa pande zote nne, na mkato unaoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kwa kisu kutoka paa hadi msingi. Mume wangu alikuwa ameota nyumba ya ghorofa moja juu, ngazi katikati, vyumba vyote vya kulala juu, na roshani ya kunywea chai. Ilipendeza, siwezi kukana.

Jumapili moja mama mkwe alikuwa amekuja kumwona daktari. Binti yetu akachukua chaki na kamba, akashuka nayo kwenye uwanja wa kuegeshea magari pale tulipopanga, akachora nyumba nzima ya chini kwa ukubwa wake halisi. Majirani wakatoka kutazama. Tukatembea humo: hapa sebule, hapa jikoni, hapa ngazi. Mama alikuja polepole na fimbo yake, akaingia kwenye choo cha wageni cha chini, akajaribu kugeuka. Fimbo ikavuka mstari wa chaki.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "nyumba ni nzuri. Nami nitalala wapi?"

"Juu, Mama. Chumba chako ndicho chenye dirisha kubwa kuliko vyote."

Mama alizitazama ngazi za chaki, akahesabu kwa kidole. Hakulalamika. Alisema tu, "Basi nitakuwa nikishuka Jumapili, kwenda kanisani."

Hakuna aliyecheka, msomaji. Mume wangu aliinama akaanza kufuta mistari kwa kiatu chake.

Wiki iliyofuata msanifu aliichora upya. Roshani iliondoka. Chumba cha mama kikaja chini, na choo na bafu kando yake, mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu iwapo siku hiyo itafika, na kizingiti kikaondolewa. Mabadiliko yale yalitugharimu siku chache na karatasi. Nawafahamu watu waliojenga kwa haraka, na leo mzazi wao analala kwenye kochi la sebuleni.

Fauka ya hayo, michoro ni lazima ifuate kanuni za mahali. Kila eneo lina masharti yake: nyumba ikae umbali gani kutoka barabarani na kwenye mpaka wa jirani, ifunike sehemu gani ya ploti, iende juu kiasi gani. Yaulize katika ofisi ya mipango ya kaunti yako kabla ya msanifu kushika kalamu, kwani ya mtaa mmoja siyo ya mwingine. Zipo pia Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua mahali pa zile za 1968. Masharti hayo si ya kumwonea mtu. Ile nafasi unayoiacha mpakani ndiyo hewa ya jirani yako, na ndiyo njia ya kupitia moto ukizuka.

Faili ilipokamilika, msanifu aliiwasilisha kwa mtandao wa kaunti, kila ukurasa umetiwa sahihi na muhuri wa mtaalamu. Kaunti ikatoa ankara inayotegemea ukubwa wa nyumba. Hapa sikiliza kwa makini: lipa kwa akaunti au nambari ya malipo iliyoandikwa kwenye ankara, uhifadhi risiti. Yeyote anayekuambia umtumie kwa simu yake ili "asukume faili," mwache asukume ya mwenzako.

Ya kwetu ilirudi mara moja. Tangi la maji taka lilikuwa limechorwa karibu mno na mpaka, na ukurasa mmoja wa mhandisi ulikosa sahihi. Mume wangu alitaka kupandwa na hasira, lakini alipoitazama ramani akaona kisima cha yule mzee jirani kiko upande huo huo. Tangi likahamishwa pembe nyingine. Mzee yule hajui hadi leo kwamba kulikuwa na siku ambapo maji yake yalikuwa hatarini kwenye karatasi.

Idhini ilitoka kabla ya siku 60 kutimia, nasi tulikuwa na barua yenye masharti na michoro iliyopigwa muhuri. Usidhani safari imeishia hapo. Mradi husajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na mjenzi wako awe amesajiliwa nayo. Ukijenga nyumba za kupangisha za ghorofa, mamlaka ya mazingira, NEMA, nayo itataka ripoti yake. Kibao kinasimamishwa mahali pa kazi, kikitaja mradi na wataalamu wake. Kisha wakaguzi wa kaunti huitwa kwa hatua: msingi kabla ya kufunikwa, vyuma kabla ya kumwagiwa zege, na kuendelea. Nyumba ikiisha unaomba cheti cha kuihamia. Weka nakala ya michoro iliyoidhinishwa pale pale kwenye mjengo, maanake fundi naye ana mawazo yake, na asipoiona karatasi atajenga ya kichwani mwake.

Huenda ukasema, "Hayo yote yana gharama, nami sina kitu." Kweli gharama ipo. Lakini piga hesabu vizuri. Benki na vyama vya mikopo huitisha michoro iliyoidhinishwa kabla ya kukupa mkopo wa kujenga. Mnunuzi makini ataiitisha siku ukitaka kuuza. Na watoto wako wataihitaji siku wewe hupo, ili wasigombane na kaunti juu ya nyumba waliyoachiwa. Anza mapema, kipande kwa kipande: mwezi huu upekuzi, ujao mpimaji, mwingine ukae na msanifu. Sisi tulifanya hivyo mshahara kwa mshahara.

Tulihamia mwaka wa 2024. Chumba cha mama kiko upande wa kaskazini, na asubuhi hutoka mwenyewe hadi barazani bila kumwita mtu.

Basi, msomaji, wikendi hii itoe hiyo hati sandukuni. Andika nambari yake pembeni, na Jumatatu uombe upekuzi. Jioni waite wote watakaoishi katika nyumba hiyo, hata nyanya na hata mdogo wa darasa la kwanza, umuulize kila mmoja angependa kulala wapi, na kwa nini. Majibu yao yaandike. Ndiyo karatasi ya kwanza ya faili yako, na haina malipo.